Dawa ya mama yangu na kile kichumba cha barafu cha Mama Awuor

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Nimepita kwenye uzi wa wenzetu walioko ughaibuni. Yule jamaa aliyetia sweta ya bei mbaya kwenye mashine ya kufulia ikatoka saizi ya mtoto, na yule dada aliyeweka yai zima kwenye microwave. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia nina nini.

Halafu nikaacha kucheka, nikabaki nimeshika simu tu.

Na mimi niliwahi kuishi nje ya nchi na kuhangaika na vyombo vya watu. Nje yangu haikuwa na theluji. Ilikuwa Huruma, Nairobi, miaka ya tisini. Nitakayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Chumvi siongezi, humu ndani iliyopo inatosha. Na mwishoni nina swali, maana hili jambo nimelibeba peke yangu na nimechoka.

Uzi ni mrefu kidogo. Asiye na muda apite salama, hatugombani.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilifika Nairobi kijana, nikaangukia soko la Gikomba kuuza viatu vya mtumba. Nikapata chumba kimoja Huruma, ghorofa ya nne, kwenye yale majengo yaliyobanana mpaka unaweza kumwomba chumvi mtu wa jengo la pili bila kutoka kwako.

Nyumbani nilizoea mkaa na jiko la mchina. Huruma nikakuta watu wanapikia kitu wanakiita coil. Ni tofali la udongo lenye mifereji, ndani ya mifereji kuna waya uliojikunja. Unachomeka kwenye soketi, waya unakuwa mwekundu, unateleka sufuria. Basi.

Kodi ilikuwa pamoja na umeme, wao wanaita stima. Kwa hiyo mwenye nyumba alipiga marufuku coil kabisa, na kwa hiyo kila mtu alikuwa nayo chini ya kitanda. Caretaker, yaani msimamizi wa jengo, akianza kupanda ngazi, mama wa ghorofa ya kwanza anaanza pambio kwa sauti kubwa, jengo zima linachomoa. Sijawahi kuona pambio lenye kazi kama lile.

Sasa siku yangu ya kwanza na coil. Nimepika ugali, nimekula, nimeshiba.

Sisi watu wa mkaa tuna adabu yetu. Ukimaliza kupika unanyunyizia mkaa maji, uzime, ubaki wa kesho. Hiyo unafundishwa na mama yako kabla hujajua kusoma. Nikaliona tofali bado jekundu. Nikachukua kikombe, nikalinyunyizia.

Sitaeleza sana. Lilitoa mlio, korido nzima ikaingia giza, na mimi nikajikuta nimekaa chini kwenye kona, mkono umekufa ganzi.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa mlango unaotazamana na wangu, ameshika mshumaa. Mama mnene kiasi, mtu wa Siaya, kilemba kimekaa upande.

"Wewe ndio ule Mtanzania?"

"Ndio, mama."

"Kwani kwenu stima huzimwa na maji?"

Nikamweleza habari ya mkaa. Akanishika mkono, akaugeuzageuza, akaona bado upo. Akaenda kuniletea chai yenye sukari nyingi. Nilipoanza kuinywa ndipo akacheka, akacheka mpaka akakaa kitandani kwangu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Zimamoto. Hata vijana waliokuwa wanakaa kwenye ngazi, nikipita, ni "Niaje Zimamoto."

Huyo ndiye Mama Awuor. Mkumbukeni, uzi huu ni wake.

Mume wake, Baba Awuor, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mablanketi. Mtu mkimya sana, anaweza kukusalimia Jumatatu ukamsikia tena Ijumaa. Bosi wake mmoja alipohama nchi alimwachia friji. Ikawa ndiyo friji pekee kwenye korido yetu.

Ilikaa chumbani mwao kwa heshima zake. Juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Ndani, chini, kulikuwa na maziwa na soda. Juu kulikuwa na kile kichumba chenye kimlango chake, cha barafu.

Kichumba kile ndicho kilikuwa shamba la Mama Awuor. Alikuwa anatia maji ya rangi na sukari kwenye vifuko vya nailoni, anagandisha, jioni watoto wakitoka shule wanapanga foleni mlangoni. Swichi ya baridi aliigeuza mpaka mwisho, akaibandika gundi ya karatasi ili mtu asiiguse. Awuor, binti yao, alikuwa anasoma kwa barafu ile.

Mimi friji nilikuwa naiona kwa watu tu. Kwetu tulikuwa na mtungi. Kichwani mwangu friji na mtungi vilikuwa kitu kimoja, ila kimoja kina nguvu zaidi ya kingine. Baridi ni baridi, na ikizidi ndiyo bora. Sikuwa peke yangu kufikiri hivyo. Korido nzima ilifikiri hivyo.

Tuendelee.

Mama yangu alikuwa na sukari, ile ya kuchoma sindano. Kule Tabora dawa yake alikuwa anaiweka kwenye kopo, kopo analifukia kwenye mchanga chini ya mtungi, na mchanga anaumwagia maji asubuhi na jioni. Aliishi hivyo miaka, ana afya yake, analima karanga zake.

Kisha dawa ikaanza kuwa shida kupatikana kule kwetu. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Nikamwambia mama, njoo Nairobi, dawa huku ipo.

Akaja. Alishuka kwenye basi na kichupa chake ndani ya kikombe cha udongo, kimezungushiwa kitambaa kibichi. Njia nzima alikuwa anakilowesha kwa maji yake ya kunywa.

Nikampeleka kliniki. Nesi akampima, akampa vichupa vipya, akamwambia kwa upole kabisa: "Hii dawa ikae kwa friji, mama, sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Jioni nikagonga kwa Mama Awuor. Hata sikumaliza kuomba. Alishafungua friji.

Alitoa barafu zake zote za upande wa kulia. Akatoa nyama ya nguruwe iliyokuwa mle, akaishusha chini, akasema, "Mama yako ni Mwislamu, dawa yake haiwezi kulala na hii." Akapangusa kile kichumba kwa maji ya moto na sabuni. Akaweka vichupa ndani ya kikombe, akavifunika kwa hanchifu nyeupe.

"Huko chini watu wanafunguafungua kila saa," akasema. "Huku juu ndio kunashika baridi kabisa. Dawa ya mama itakaa huku."

Mama akaitwa kuja kuona. Akachungulia, akaingiza kiganja, akakitoa haraka, akacheka. "Dawa yangu imepata nyumba nzuri kuliko mimi," akasema.

Wakuu, mnaojua mambo ya hospitali najua mmeshashika vichwa. Subirini.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Awuor alikuwa anatoa kichupa. Kilikuwa kinatoka jiwe, jeupe. Anakitia kifuani, ndani ya nguo, anaendelea kuosha vyombo na kumfunga Awuor viatu mpaka kiyeyuke. Kisha anavuka korido anakileta, kina joto la mwili wake. Mama anachoma, wanakunywa chai pamoja.

Walipendana wale wawili. Nikienda Gikomba nawaacha koridoni wanachagua maharage, nikirudi nawakuta wanachambua omena, dagaa wa kwao, na mama yangu ambaye hajawahi kuiona omena maishani anatoa maelekezo. Mama alikuwa akimwita "mwenye friji". Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina.

Baada ya muda mama akaanza kupungua.

Kiu haiishi. Choo kilikuwa mwisho wa korido, alikuwa anaenda na kurudi kama mtu aliyepoteza kitu kule. Nguo zikaanza kumning'inia. Nikamrudisha kliniki.

"Anachoma kila siku?"

"Kila siku."

"Dawa inakaa kwa friji?"

"Inakaa kwa friji."

Kila jibu lilikuwa la kweli. Wakaongeza dozi. Tukarudi tena, wakaongeza tena. Hakuna aliyeuliza friji sehemu gani, na sisi hatukujua kwamba friji ina sehemu.

Kabla hamjaniuliza habari ya karatasi ya maelekezo: ilikuwepo kwenye boksi, ya Kiingereza, maandishi madogo kama sisimizi. Mama Awuor aliitumia kuziba ufa wa dirisha.

Mama mwenyewe hakulaumu kitu. "Ni baridi ya Nairobi hii," alikuwa akisema, "imeniingia mifupani." Siku moja tu aliniuliza, "Hivi kwa nini nilipokuwa na mtungi wangu nilikuwa na nguvu?" Nikamjibu kwamba umri unakwenda. Akakubali.

Mama Awuor alivyoona hali inazidi akafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Aliacha kuuza barafu. Alitoa vifuko vyote, akabakiza kile kikombe peke yake mle ndani, ili dawa ya mama ipate baridi yote. Watoto wakija mlangoni anawarudisha. Awuor alikaa nyumbani siku kadhaa, shule walimfukuzia karo.

Nilimkuta Mama Awuor asubuhi moja amesimama mbele ya friji, mkono juu ya kile kimlango, anaomba.

Siku mama alipozidiwa ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa anavuta pumzi ndefu, pumzi ina harufu ya papai lililoiva sana, maneno hayaeleweki. Tukamkalisha kwenye kiti, mimi upande mmoja, Baba Awuor upande wa pili, tukamshusha ghorofa nne. Vijana wa kwenye ngazi walisimama wote wakatupisha, wawili wakashika miguu ya kiti.

Pale chini, kabla hatujamwingiza kwenye pickup ya jirani, akili ikamrudia kidogo. Akaniangalia. Akasema, "Mwambie mwenye friji, asante."

Hakusema tena kitu cha kueleweka. Kesho yake alasiri alifariki hospitalini.

Tulimzika huko huko Nairobi, watu wa msikiti walitusaidia. Mama yangu, mtu wa karanga na mchanga wa Tabora, amelala Nairobi.

Niliporudi kutoka makaburini nilihisi korido imebadilika, sikujua ni nini. Nikasimama. Halafu nikaelewa kwamba friji imenyamaza. Tulishazoea mngurumo wake usiku na mchana hata hatuusikii. Mama Awuor aliizima. Siku zote za matanga hakuiwasha, maziwa yaliharibika na yeye akayamwaga.

Nikampa ujumbe wa mama. Alilia sana, akasema, "Angalau ile dawa yake niliitunza."

"Uliitunza, mama," nikamjibu. Nilimaanisha kutoka moyoni.

Akanipa kichupa kilichobaki, ndani ya ile hanchifu nyeupe. Kilikuwa kimeyeyuka. Nilikiangalia kwenye mwanga, ndani mlikuwa na vipandevipande vinaelea, kama maziwa yaliyokatika. Nikadhani ni kwa sababu friji ilizimwa. Nikakitupa.

Miaka ikaenda. Nikarudi Tabora, nikaoa. Simu za mkononi zilipokuja tukatafutana na Mama Awuor. Wao walishastaafu na kurudi kwao Siaya. Kila Idi, yeye Mkristo, alikuwa ananipigia. Na kila simu, kabla ya kuaga, lazima aseme maneno yake:

"Zimamoto, mama yako tulimpenda. Angalau dawa yake tuliitunza, sivyo?"

"Mliitunza, mama."

Nilikuja kuelewa kwamba alikuwa anayaegemea maneno yale. Kuna watu wakifiwa wanabaki na picha. Yeye alibaki na hayo.

Sasa sukari ni ya ukoo, wakuu. Ikanifikia na mimi. Ikafika mahali nikaandikiwa sindano. Siku ya kwanza tukakalishwa kwenye benchi, wagonjwa wapya, dada mmoja mchangamfu anatufundisha. Kuchoma wapi, kula nini. Kisha akafika kwenye kuhifadhi.

"Friji ndio, barafu hapana," akasema. "Ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka ukaiona imekuwa maji, imekufa. Utachoma kila siku na sukari itapanda tu."

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Na asiye na friji?"

"Mtungi, baba. Mchanga mbichi na mtungi. Inakaa vizuri kabisa."

Sikumbuki alisema nini baadaye. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilikuwa naiona hanchifu ile nyeupe. Nilikuwa naona Mama Awuor anaosha vyombo, kichupa kiko kifuani. Nililia kama mtoto, mtu mzima na ndevu zangu, wapita njia wakadhani nimepewa majibu mabaya.

Iliniuma mara mbili. Iliniuma kwamba mama angeweza kuishi. Na iliniuma kwamba kilichomuua ni upendo wa mtu ambaye hakujibakizia chochote, alimpa mpaka shamba lake.

Nikaamua hilo nitakufa nalo. Kumwambia kungemsaidia nini? Idi zikaendelea, simu zikaendelea. "Tuliitunza, sivyo?" "Mliitunza, mama."

Ingeishia hapo nisingeandika.

Mwaka jana Mama Awuor alinipigia, wala si Idi. Baba Awuor anaumwa. Sukari. Ameanzishiwa sindano, dawa wameletewa leo hii. Nikampa pole. Akasema Awuor, ambaye sasa ni mtu na kazi yake, amewanunulia friji kubwa ya milango miwili.

"Hata usijali, Zimamoto," akasema. "Hii kazi mimi sifundishwi. Nimeshamtengea mahali huko juu, kwa barafu, vile nilifanyia mama yako."

Mwili ulikufa ganzi kuliko siku ya lile tofali.

Ninyi mngefanyaje? Nikinyamaza, Baba Awuor anakwenda njia ya mama. Yule mzee mkimya aliyeshika kiti upande wa pili. Nikisema, namwambia mwanamke wa miaka sabini na kitu kwamba mikono yake ndiyo iliyomuua rafiki yake.

Nikadanganya.

"Mama, ngoja kwanza," nikamwambia. "Na mimi natumia sindano siku hizi. Dawa wamezibadilisha. Hizi mpya hazitaki barafu kabisa, zinaharibika. Weka chini, kwenye mboga."

"Wamezibadilisha?"

"Ndio, mama."

"Na ile ya mama yako?"

"Ile ilikuwa ya zamani. Ya zamani ilitaka barafu."

Nikasikia mlango wa friji unafunguliwa, vitu vinasogezwa, vikombe vinagongana. Ukafungwa.

"Nimetoa," akasema. "Ilikuwa haijashika barafu bado. Nimeweka chini na sukuma wiki."

"Vizuri sana, mama."

Kisha akasema polepole, hakuwa anauliza, "Ya zamani ilitaka barafu."

"Ndio, mama."

"Sawa, nyathina."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Maisha yangu yote na yeye niliitwa Zimamoto. Hajawahi kuniita vile kabla.

Baba Awuor yupo, anaendelea vizuri, anapunga mkono kwenye video bila kusema kitu, kama kawaida yake. Hilo namshukuru Mungu.

Lakini tangu siku ile tumeongea mara nyingi, Idi imepita, Krismasi imepita, na Mama Awuor hajawahi tena kusema yale maneno yake. Ananiuliza sukari yangu, ananiuliza mke wangu, tunafika pale mahali ambapo alikuwa anayasema, anayaruka, anasema kwaheri. Mimi naamini alielewa. Alielewa uongo wangu na alielewa kwa nini nimeusema, na ameamua kunitunzia heshima, kama nilivyotaka kumtunzia yake.

Nilichojifunza, wakuu: chombo cha ugenini kina adabu yake, usikitendee kwa adabu ya chombo cha kwenu. Mimi nilizima stima kwa maji, tukacheka. La pili halikuwa la kuchekesha. Ulizeni, hata kama swali ni la kijinga. Na mwenye mgonjwa wa sindano nyumbani ainuke sasa hivi akaangalie dawa imekaa wapi. Friji ndio, barafu hapana.

Swali langu ndilo hili. Niende Siaya nikakae naye chini, tuliseme wazi, tulie pamoja yaishe? Au nimwache na ukimya wake na mimi nibaki na wangu?

Maana mama aliniachia ujumbe mmoja tu duniani, asante kwa mwenye friji. Niliufikisha siku ile. Natamani niufikishe tena kabla yule mama hajaondoka, kwa sababu mama yangu aliumaanisha na mimi naumaanisha mpaka kesho. Naogopa nikimwambia asante sasa, atasikia kitu kingine.

Waliowahi kupita hapa naomba mniambie mlifanyaje. Nasoma zote.